Kikombe cha Uji wa Asubuhi

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa walaji mjini Singida)



Tumefika kwenu katika mwezi wa Julai, msimu ambao upepo wa Singida hauna haya. Mji huu umekaa juu ya uwanda ulio takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mgeni atokaye pwani huku akiamini kwamba Tanzania yote ni nchi ya joto hujuta alfajiri ya kwanza. Sisi tulijuta. Jana, kabla jua halijapanda juu ya ziwa Singidani, tulikuwa tumejikunyata barabarani tukitafuta kitu cha moto, tukamkuta mama mmoja ameketi nyuma ya sufuria iliyofunikwa kwa kitambaa safi. Alitumiminia uji wa ulezi katika vikombe vya bati, akatuuliza kama twapenda ukwaju au la, kisha akatuacha tunywe bila kutuharakisha. Kikombe kilichoma viganja, mvuke ukapanda usoni, na kwa dakika kumi hakuna miongoni mwetu aliyezungumza jambo la kazi.

Tulikuwa tumeandaa mazungumzo mengine kwa ajili ya leo, marefu zaidi na yenye vifungu vingi vya sheria. Tumeyaweka kando. Mlaji haamki asubuhi akakutana na kifungu cha sheria, hukutana na kikombe. Mizani iliyo sawa, lebo isemayo kweli, chakula kisichomdhuru alaye, haki zote hizo tunazozihubiri huishia pale mezani au mkekani, wakati mtoto anapoulizwa kama ameshiba kabla ya kwenda shule. Basi leo tuzungumze juu ya kifungua kinywa.

Mkoa huu hauna haja ya kuazima kifungua kinywa kutoka mahali pengine. Mvua zake ni za msimu mmoja, kuanzia mwisho wa mwaka hadi mwezi wa Aprili au karibu na hapo, na mara nyingine hazitoshi; ndiyo maana wazee wa Kinyaturu na wa Kinyiramba walishikamana na mtama, uwele na ulezi, nafaka zinazoweza kuvumilia ukame ambao mahindi hayauvumilii. Siku hizi tunasikia watu wakiuita uji wa mtama chakula cha wakati wa njaa, na wapo wanaouficha mgeni anapobisha hodi, wakatuma mtoto dukani akalete mkate mweupe. Mkate hatuusemi vibaya, una siku yake. Lakini aibu hiyo haina msingi wowote. Ulezi una madini ya kalsiamu kwa wingi kuliko mahindi, mchele au ngano, na ni madini hayo yajengayo mifupa na meno. Tena ulezi una sifa nyingine ambayo wakulima wanaijua vizuri kuliko sisi: punje zake ni ndogo mno hata wadudu wa ghalani hawaoni pa kuingilia, kwa hiyo huweza kukaa muda mrefu bila kuharibika iwapo umekauka vizuri.

Ubaya wa ulezi ni mchanga. Nafaka iliyopurwa juu ya ardhi hubeba mchanga wa ardhi hiyo, na hakuna kinachoharibu starehe ya uji kama chembe moja inayolia chini ya jino. Chukueni kiganja kimoja cha ulezi palepale sokoni, mkipulize taratibu, kisha mtafune punje chache. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Na mnunuapo, ombeni mpimiwe kwa mizani. Kisado na kopo vina historia ndefu katika masoko yetu, lakini kopo lililobonyezwa kitako hupunguza chakula chako kila linapozama guniani, nawe hutaona kwa macho. Penye shaka juu ya mizani yenyewe, Wakala wa Vipimo ndio wenye wajibu wa kuikagua, na mizani iliyokaguliwa huwa na stika ya ukaguzi.

Ukifika nyumbani, pepeta kwa ungo, osha mara mbili au tatu hadi maji yatoke safi, kisha anika juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo ule ule uliokwisha kuuondoa. Saga kiasi cha wiki mbili, si zaidi. Unga wa nafaka nzima una mafuta ya kiini ndani yake, na mafuta hayo huchacha. Ule uchungu unaokwama kooni katika uji wa unga wa zamani ndio huo.

Kuhusu kupika tutasema machache, kwani wapishi mko humu ukumbini na sisi ni watu wa ofisini. Kikombe kimoja cha unga hutosha kwa vikombe vitano au sita vya maji. Unga ukorogwe kwanza katika maji baridi mpaka usiwe na madonge, ndipo umiminwe katika maji yanayochemka huku mwiko ukiendelea kuzunguka. Baada ya kuchemka upunguziwe moto na kuachwa dakika kumi hadi kumi na tano. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Uji unapotoa povu la kwanza wanauepua, nao unabaki na ladha ya unga mbichi. Uji ulioiva hubadilika rangi ukawa wa kahawia iliyokolea, na harufu yake hubadilika pia ikawa kama ya nafaka iliyokaangwa kidogo. Subirini harufu hiyo. Anayesimama jikoni asubuhi ya baridi, mkono ukizunguka polepole na moto ukipasha miguu, amekwisha kupata nusu ya starehe kabla hajaonja.

Kisha huja viungo. Wapendao ukali watie ukwaju, au unga wa ubuyu, nao uji ukishaepuliwa, kwa sababu ubuyu una vitamini C nyingi na moto huiharibu. Vitamini hiyo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika nafaka. Ila aliyetia ubuyu asitie maziwa mabichi juu yake, yatakatika, kisha amlaumu muuza maziwa. Maziwa nayo yachemshwe kwanza. Na wanaokunywa chai ya rangi nzito pamoja na chakula tunawashauri waiahirishe kwa muda wa saa moja hivi, maana chai huuzuia mwili kuchukua chuma hicho hicho tulichokuwa tukikitafuta.

Sasa tufike kwenye karanga, ambazo ndizo zilizotufanya tubadilishe mazungumzo ya leo.

Karanga zilizokaangwa na kutwangwa, zikatiwa katika uji wa ulezi au uwele, ni utamu usiohitaji maelezo. Huongeza mafuta na protini, na mtoto anayeukataa uji mweupe huupokea ule wenye karanga. Lakini karanga na mahindi ndivyo vyakula vyetu vinavyoshambuliwa zaidi na sumukuvu. Sumu hii hutengenezwa na aina fulani za ukungu unaoota juu ya mazao shambani wakati wa ukame, au ghalani yakihifadhiwa na unyevu. Haina rangi, haina harufu yake yenyewe, na haina ladha. Kuchemsha hakuiondoi. Kukaanga huipunguza kwa sehemu tu. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika nafaka na karanga za kuliwa, kwa viwango vya Afrika Mashariki, ni mikrogramu 10 kwa kila kilo moja. Yaani gramu moja tu ya sumu hiyo, ikitawanywa sawasawa, ingetosha kufikisha tani mia moja za chakula kwenye mpaka wa kutofaa.

Haya si mambo ya mbali. Mwaka 2016, katika mikoa ya jirani zenu, Dodoma na Manyara, watu waliugua baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, na baadhi yao wakafariki dunia. Hiyo ni sumu iliyoingia mwilini kwa wingi na kwa ghafla. Ile inayoingia kidogo kidogo kwa miaka mingi haipigi kelele. Huharibu ini, huweza kuleta saratani ya ini, na kwa watoto wadogo imehusishwa na kudumaa.

Mwenzetu mmoja wa ofisini, mama wa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa akinunua unga wa lishe uliokwisha changanywa tayari: mahindi, karanga, soya, mchele, ulezi, vyote katika mfuko mmoja wa nailoni. Kikaratasi kilichobandikwa kilikuwa na picha ya mtoto mnene anayecheka. Hakikuwa na jina la mtengenezaji wala anwani, hakikuwa na tarehe ya kutengenezwa wala ya mwisho wa matumizi, wala namba ya toleo. Mwenzetu hufanya kazi ya kuwafundisha wengine kusoma lebo. Alitueleza mwenyewe kwamba alikuwa akirudi nyumbani jioni amechoka, duka liko njiani, na muuzaji ni jirani mwema. Mfuko wa tatu ulipofunguliwa ulitoa harufu ya ghala lililovuja. Hapo ndipo alipoketi akahesabu miezi. Mifuko miwili ya kwanza ilikuwa imekwisha kuliwa, na hapakuwa na anwani ya kumwuliza mtu yeyote ni karanga gani zilizosagwa humo.

Mtoto anaendelea vizuri, tunashukuru. Lakini sikilizeni lililofuata. Mama huyo hakutaka kumwaga unga aliounulia fedha, akawaza kuwapa kuku. Nasi tunajua kwamba hapa Singida, ambako kuku wa kienyeji husafirishwa kwenda mijini na ni fahari ya mkoa, wazo hilo lingemjia mtu yeyote. Tulimkataza. Sumukuvu huwadhuru kuku pia, na ng'ombe anayelishwa mashudu ya alizeti yaliyoota ukungu huweza kuipitisha sumu hiyo ndani ya maziwa. Chakula cha namna hii hakina mnyama wa kupewa. Kifukiwe. Inauma kutupa chakula katika nchi iliyozoea kuhesabu debe hadi mavuno yajayo, na hatutajifanya kwamba haiumi.

Kwa hiyo ushauri wetu ni kwamba karanga zinunuliwe zikiwa nzima, si zilizokwisha twangwa au kusagwa, kwa maana kinu huficha kila kitu. Zimwageni katika sinia penye mwanga. Toeni zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizobadilika rangi, zenye ganda lililotobolewa, na zenye vumbi la kijani au jeusi. Kazi hii ndogo hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa, kwa sababu mara nyingi sumu hukusanyika katika punje chache zilizoharibika, wala haienei katika zote. Watoto wakubwa hupenda kuchambua. Wapeni kazi hiyo jioni, muda wa hadithi. Karanga yoyote iliyo chungu mdomoni itemwe, isimezwe kwa adabu.

Wenye mavuno yao wenyewe wanaweza kupima ukavu wa mahindi kwa chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi iliyokauka vizuri juani, tia na mahindi yajae kama theluthi ya chupa, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi hayo bado yana unyevu na hayafai kuingia ghalani. Ikianguka yote chini, yamekauka.

Atakayependa kununua unga uliosagwa tayari, na wapo wasagaji waaminifu wengi, asome mfuko: jina na anwani ya mtengenezaji, orodha ya vilivyomo, uzito halisi, namba ya toleo, tarehe mbili, na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania. Shirika hilo, TBS, ndilo lililokabidhiwa usimamizi wa usalama wa chakula mwaka 2019. Bidhaa isiyo na anwani haina wa kuwajibika. Mkiikuta, mpelekeeni taarifa afisa afya wa kata au wa halmashauri, na mfuko wenyewe msiutupe kabla hajauona.

Kwa watoto wanaoanza kula, kuna ufundi wa zamani ambao tunaona unasahaulika bila sababu, nao ni kimea. Uji mzito una lishe lakini mtoto mdogo haumezi. Ukiongezewa maji unamezeka, lakini tumbo dogo hujaa maji. Kimea hutatua tatizo hilo. Ulezi huloweshwa usiku mmoja, ukafunikwa kwa kitambaa kibichi siku mbili au tatu mpaka uchipue, ukaanikwa juani hadi ukauke kabisa, ukafikichwa kuondoa vichipukizi, ndipo ukasagwa. Kijiko kimoja cha unga huo kikikorogwa katika uji mzito uliopoa hadi kuwa vuguvugu, baada ya dakika chache uji hulainika ukawa mwepesi, bila kuongezewa tone la maji, kwa sababu nafaka iliyochipua ina vimeng'enya vinavyovunja wanga. Kisha uchemshwe tena kidogo kabla ya kumpa mtoto. Tumieni ulezi kwa kazi hii. Vichipukizi vya mtama vina sumu ya sayanidi. Na kimea kilichoota ukungu wakati wa kuchipua kitupwe chote.

Asali ya misitu ya Manyoni na Itigi haihitaji sifa zetu. Kijiko kimoja juu ya uji huifanya sukari ionekane kama jambo la haraka haraka. Lakini imani nyingi zinazozunguka asali humpoteza mnunuzi. Wengine huchovya kijiti cha kiberiti wakaona kama kitawaka, wengine hudondosha tone katika maji, wengine humngoja sisimizi. Hakuna hata kipimo kimoja kati ya hivyo kinachoweza kuthibitisha kwamba asali haikuchanganywa. Mmoja wetu, na hapa tunakiri, aliwahi kuikataa asali kwa sababu ilikuwa imeganda, akidhani ni sukari, akanunua nyingine iliyotiririka vizuri. Hiyo ya pili ikatoa povu na kuchacha kabla ya mwezi kwisha. Asali halisi huganda, nyingine mapema na nyingine baadaye. Ukiitaka iyeyuke, weka chupa yake katika maji ya moto kiasi, usiiweke motoni. Asali inayochacha mara nyingi ina maji mengi kupita kiasi, ama kwa kuchanganywa ama kwa kurinwa kabla nyuki hawajaziba masega. Muulize muuzaji imerinwa wapi na lini. Mrinaji wa kweli hupenda maswali hayo na atakuchelewesha. Jambo moja halina mjadala: mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata ya kuramba, kwani huweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvishinda.

Si kila asubuhi ni ya uji. Kuna viazi vitamu vilivyochemshwa na maganda yake, vikaliwa na mtindi mzito. Kuna boga, katika msimu wake. Kuna yai la kuku wa kienyeji, lenye kiini cha manjano iliyoiva, ambalo mgeni wa pwani huulizia limetiwa nini. Maandazi pia hatukuyasahau. Tunaomba tu mafuta yake yasiwe yale yaliyokaangiwa tangu wiki iliyopita hata yamekuwa meusi.

Limebaki jambo moja ambalo halimo katika miongozo yetu yoyote, nasi tuliona tulitaje hata hivyo. Kaeni chini. Tumepita nyumba nyingi ambamo baba hunywa akiwa amesimama mlangoni, mtoto hunywa akifunga viatu, na mama hunywa kilichobaki, kikiwa baridi, wote wamekwisha ondoka. Uji ni chakula kinachomlazimisha mtu kungoja. Ukiuharakisha unauchoma ulimi. Dakika kumi za kungoja upoe ndizo ambazo mama hugundua kwamba mtoto hana daftari, au kwamba babu hakulala vizuri. Mama pia anywe ukiwa wa moto.

Yule mama wa barabarani tuliyekutana naye jana amekubali kutupikia leo. Sufuria mbili ziko pale mlangoni, zote za uji mzito wa ulezi mmoja. Moja imetiwa kimea na nyingine haikutiwa, ili mwone tofauti kwa macho yenu. Karanga tulizichambua usiku, na zile tulizozitoa tumeziweka katika sahani kando ili mzitazame. Msizile. Vikombe vinatosha watu wote, na tunaomba wenye watoto wadogo watangulie.